Jina la Mwisho la Mohinder

Mohinder Sagoo hakuwahi kukaa chini mchezo ukiendelea. Kila Jumapili, katika bustani yetu ya Hounslow, alitembea huku na huko kando ya uwanja akizungusha bangili yake ya chuma, kana kwamba kuna mtu anayemwita upande wa pili. Alizaliwa Nakuru. Miaka yake yote ya kazi aliipitisha uwanja wa ndege wa Heathrow akipakia mizigo ya watu, na alipostaafu akawa kocha wa timu yetu ndogo ya besiboli.

Majina ya utani aliyatoa yeye peke yake, na kwa sharti moja: hupati jina kwa kucheza vizuri, unalipata siku unapoharibu. Paresh, mwenye duka, aliteleza akikimbia akalala kifudifudi, akawa Chapati. Philippe aliuachia mpira simu ilipolia mfukoni mwake.

"Pokea basi, Haloo!" Mohinder alipiga kelele. "Mwambie tunafungwa!"

Siku hizi hata mkewe anamwita Haloo.

Mimi, msimu baada ya msimu, nilibaki Gakii tu. Niliharibu kama wengine, lakini Mohinder alinitazama tu bila kunipa jina. Nilianza kuamini kwamba hanihesabu kuwa mmoja wao. Labda hakukosea: kila mwezi nilipanga kurudi Meru, na kila mwezi nikaahirisha. Kisha akatangaza kwamba anahamia mji wa Leicester kwa binti yake, Nishma. Ilibaki Jumapili moja.

Siku hiyo nilisimama pembeni kabisa mwa uwanja, glavu mkononi, nikiomba niharibu vizuri. Ndege iliyotoka kuruka ikapita juu yetu. Nikainua macho, kama ninavyofanya kila mara, nikaifuata mpaka ikaingia mawinguni. Mpira ukaanguka karibu na kiatu changu.

"Gakii! Umelala?" Chapati alifoka. Tukafungwa.

Nilimfuata Mohinder hadi kwenye gari la Nishma.

"Anko, hata leo hukuniona?"

"Nimekuona tangu siku ya kwanza. Jina lako ninalo. Niliogopa nikikuita hivyo utaondoka kweli."

"Niite tu."

Akaingia garini. Akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Gari lilipoanza kusogea akashusha kioo, akapaza sauti hadi wenzangu wote wakageuka:

"Abiria! Hiyo ndege imeshaenda, mama. Rudi uwanjani!"