Mstari wa Kijani Kwenye Gamba

Mpaka leo nikiikumbuka ile barua, damu inanichemka. Miaka kumi na tisa dada yangu ametunza konokono wa maji kwenye maabara ya chuo, mimi nikipika chai chumba cha pili. Watu wakambandika jina, Mama Konokono, naye akalipenda. Asubuhi akiingia, kabla hajaweka mkoba chini, anawasalimia: "Mmeamkaje, wavivu nyie?"

Kazi yenyewe si mchezo. Konokono huchukua chokaa kwenye maji na chakula, akajijengea gamba kidogo kidogo ukingoni. Wataalamu wanataka kujua anajengaje. Basi kila Jumatatu dada anatia majini rangi nyekundu, kila Jumatano ya kijani, na kila rangi inabaki ndani ya gamba kama mstari. Mwonyeshe gamba, atakutajia mpaka wiki aliyougua mama.

Mwaka huu wataalamu wa nchi nyingi wakaja kukutana kwetu kwa ajili ya mambo hayohayo. Bosi akapagawa na ugeni, kila kitu king'ae. Jumatano mchana, dada alipokwisha kutia kijani, akapigiwa simu: mama amelazwa. Akaomba ruhusa, akamkabidhi bosi funguo mkononi, macho yangu yakiona.

Aliporudi Jumatatu, matangi yanang'aa. Konokono arobaini, wamebaki tisa, magamba yameliwa ukingoni. Mtu kayasugua matangi kwa dawa ya vyoo, bila hata kuwatoa! Dawa inayokula chokaa ya kwenye kioo itaachaje ya mgongoni kwa konokono? Na huyo mwenye funguo ana shahada tatu!

Mezani kuna barua. Amefukuzwa kazi kwa uzembe, eti alimwaga dawa Jumanne akiwa zamu. Dada akakaa sakafuni, akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia kazini.

"Watu watasema nimewaua mwenyewe," akasema.

"Inuka," nikamwambia. "Mkutano uko hapo ukumbini, na magamba unajua kuyasoma."

Akabeba gamba la mmoja aliyekufa na ile barua, mimi nikabeba birika. Bosi alipotuona akawachekea wageni. "Samahanini, huyu ni mwosha matangi tu."

Tu! Nilitamani nimmwagie chai ya moto.

Mama mmoja mtaalamu, mwenye mvi, akasema, "Mwache aseme." Akalichukua gamba, akaliweka chini ya hadubini iliyokuwa pale mezani, picha ikatokea ukutani. Dada akanyoosha kidole.

"Hiki kijani cha mwisho, baada ya chekundu cha Jumatatu, ni cha Jumatano iliyopita. Kimekatwa na dawa, mnaona? Barua yangu inasema nilimwaga Jumanne. Jumanne kijani hiki hakikuwepo. Kingekatwaje? Na toka Jumatano mchana funguo alikuwa nazo yeye."

Bosi akafuta jasho, akaichukua barua, akaichana. "Haya, yaishe. Kesho rudi kazini." Pole hakusema, wala samahani.

"Kesho?" dada akasema. "Wale tisa hawajala toka Jumatano." Akachukua gamba lake, akaenda kuwalisha.

Bosi akaninyooshea kikombe. Birika lilikuwa limejaa, linafuka moshi.

"Chai imekwisha," nikamwambia.