Kutembezwa Kwetu Ukerewe

Enzi zetu, ukisikia mtoto anapelekwa kutembezwa Ukerewe, ulijua siku hiyo tumbo lake lina kazi. Wenzangu mliokulia Mwanza miaka ile mtanielewa. Hakuna aliyevuka maji kwenda kuonyeshwa jiwe. Sisi tulikaa Ilemela, nyumba iko juu ya mawe, nguo tunaanika kwenye mawe, mitihani tunasomea juu ya mawe, na mbuzi wa jirani wanatuangalia kutoka jiwe la juu yetu. Mtu angetuambia tupande boti tukaangalie mawe mengine, tungemwona mgonjwa.

Shule zikifungwa, baba, aliyekuwa akifanya kazi bandarini, alitupandisha kwenye meli ya Nansio mimi na ndugu zangu, tukiwa tumekalia mizigo yetu wenyewe. Meli ilinuka mafuta, ndizi na kuku waliofungwa miguu. Mama alikuwa akisimama gatini na kutupigia kelele mpaka tunamaliza kumsikia: "Msiniaibishe huko! Nyumba hairukwi!" Maana yake ilikuwa kwamba ukiwa Ukerewe hupiti mlangoni kwa mtu bila kuingia kumsalimia, hata kama jana yake ulimsalimia na hata kama mbwa wake ni mkali.

Tukishuka Nansio tulimkuta Shangazi Vero, dada yake baba, ameshikilia baiskeli isiyo na breki. Siku ya kwanza alituacha tulale. Siku ya pili alitupaka mafuta mpaka tunang'aa kama sufuria mpya, akavaa kitenge chake cha kanisani, na safari ikaanza. Ndiyo hiyo tuliyoiita kutembezwa. Tulipita nyumba kwa nyumba, njia yote ya kuelekea Bukindo. Kila nyumba tunapiga magoti, tunasema shikamoo, halafu mwenye nyumba anatukodolea macho na kuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Ukitaja jina la baba bila la babu, Shangazi alikufinya ubavuni huku anatabasamu. Nilijifunza ukoo wangu kwa njia ya kufinywa, na mpaka leo sijasahau hata jina moja.

Kisha chakula. Ugali wa muhogo, furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha waliochemshwa na nyanya, viazi, machungwa yaliyotoka mtini muda huohuo. Kukataa hakukuwepo. Shangazi alikuwa akisema "onjeni tu", na hilo onjo lingeshibisha mlinzi wa usiku. Kufika nyumba ya nne tulikuwa tunatembea miguu imepanuka kama mabata. Kaka yangu aliwahi kutapika nyuma ya zizi la watu, akapangusa mdomo, akarudi mezani kuendelea, kwa sababu aliogopa kufinywa kuliko alivyoogopa kufa. Jioni tulirudi na jogoo kwapani, mdomo unanata machungwa, tukicheza kombolela na watoto ambao asubuhi hatukuwa tunawajua. Hatukuona kivutio hata kimoja. Tulikuwa tumeona watu.

Siku hizi mambo yameendelea. Binti yangu Neema, anayefanya kazi ofisini mjini, alinijia kwangu Buhongwa na zawadi ya kustaafu. Nilikuwa mpishi hospitalini, nimekoroga uji wa wagonjwa maisha yangu yote, nikadhani ananiletea sufuria nzuri au godoro. Kumbe ni ziara. "Ziara binafsi ya siku moja Ukerewe, Mama. Na mwongoza watalii wetu wenyewe. Ni sisi tu, hatuchanganywi na watu." Nilimtazama mtoto niliyemzaa kwa uchungu akinieleza kwamba tutakwenda kisiwa kilichojaa ndugu zake bila kuchanganywa na watu. Nilitaka kumrudishia zawadi yake palepale.

Nikakubali kwa sababu moja. Baba na mama wamekwishatangulia, na wadogo zao wote. Amebaki Shangazi Vero peke yake, mzee mno, na macho yake, nilisikia, yamefifia. Mara ya mwisho nilimwona kwenye mazishi ya baba, tukarudi na meli ya siku ileile. Baada ya hapo ikawa leo zamu, kesho harusi, kesho kutwa miguu inauma. Kwangu mimi ninaitwa mama, ninaitwa bibi, hospitalini waliniita mama mpishi. Duniani amebaki mtu mmoja tu wa kuniita mwanangu, na nilitaka kulisikia neno hilo kabla halijaisha. Neema sikumwambia. Angeliweka kwenye simu.

Basi tukaondoka alfajiri kwa boti ya kukodi, mimi, Neema na mjukuu wangu Lulu, ambaye ana miaka kumi na minne na shingo iliyopinda kwa kuangalia kiganja chake. Ziwa lilikuwa limetulia, lile ziwa lililokuwa likitutapisha sote, na Lulu aliliona lote kupitia kioo cha simu. Walinivisha kofia pana ya majani na miwani nyeusi. "Bibi, umetokelezea!" Nilikuwa nimefanana na mwizi wa kuku aliyejificha kwenye shamba la mtu.

Nansio tulipokewa na mwongoza watalii. Jina lake Deusi, kijana mwenye kaptula yenye mifuko kila upande, sikujua anaficha nini humo. Akatusalimia kwa sauti ya matangazo ya mpira: "Karibuni sana kisiwani, wapendwa wageni wetu!" Mimi, mgeni! Tukaingizwa kwenye gari lenye baridi ya kuhifadhi samaki, vioo vikapandishwa, na tukaanza kuziruka nyumba. Tuliziruka zote. Mama yangu huko aliko sijui alijisikiaje.

Kituo cha kwanza, jiwe. Nilijua tu. Deusi akasimama mbele yake, akashusha sauti, akatueleza habari za binti wa chifu aliyegeuka jiwe kwa ajili ya mapenzi. Binti wa chifu! Juu ya mawe ya namna ile shangazi zangu walianika muhogo, na aliyegeuka jiwe hapo ni mimi, niliyewekwa kutwa nzima kufukuza kuku. Neema akasema, "Jamani, inasikitisha," na Lulu akapiga picha akiwa amelikumbatia jiwe hilo, macho kayafumba. Nilikuwa nimeahidi kutoharibu zawadi.

Baada ya hapo ikaja baiskeli. Mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mihogo kuelekea mashineni. Lulu akaomba kupigwa picha nayo. Mzee akaishikilia, gunia likashushwa kwa sababu lilikuwa linaharibu picha, Lulu akapanda, akacheka, akashuka, akaangalia picha, akapanda tena. Hakuna aliyemsalimia yule mzee. Nikashuka garini nikampa shikamoo, maana alinizidi umri. Akaitika marahaba huku anatazama miwani yangu, na nilivyoona alidhani nami nataka kupanda.

Bukindo kwenye nyumba ya machifu sina la kusema, pale pana heshima yake na Deusi alitulia kidogo. Lakini jua lilikuwa linapanda, na mimi hesabu yangu ilikuwa nyingine. Nikamwambia pembeni, "Baba, njia hii ya kurudi Nansio nina shangazi yangu. Nataka nishuke kumwona."

Akanikunjia uso wa huruma. "Mama yangu, ratiba imebana. Mchana ziwa linachafuka, boti haisubiri. Na sasa hivi tunawahi chakula cha asili, nyumbani kwa bibi wa kijijini."

"Bibi gani?"

"Bibi tu, mama. Wageni wote wanampenda."

Nilicheka kicheko kibaya. Kwa hiyo siku hizi hata bibi anakodishwa! Mtu anatoka Ulaya, anatoka Dar, anapelekwa kwa bibi asiye wake, analishwa, anapigwa picha, anaondoka. Na huyo bibi naye ni mtu wa namna gani, wa kuupika ugali kwa ratiba? Nikapanga moyoni. Wao watakapoketi kula cha bibi wa kukodi, mimi nitasema nakwenda msalani, nishike njia kwa miguu yangu hii inayouma mpaka kwa Shangazi, na boti ikitaka kuniacha iniache.

Gari likakata kona kwenye michungwa. Nikalijua lile jiko kabla ya nyumba. Bati la nyumba lilikuwa jipya, lakini jiko lilikuwa lilelile, limeegemea upande uleule, linafuka moshi. Na pembeni ya mlango, kwenye kigoda, Shangazi Vero amekaa, amekuwa mdogo sana, kitenge kimemzidi.

Nikakaa garini nimeganda. Deusi alishuka. Akavua kofia, akainama mpaka chini, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili na kumsalimia kwa Kikerewe, taratibu, bila ile sauti ya mpira. Akatoa sukari na sabuni kwenye ile mifuko yake. Akafunua pipa kuangalia kama lina maji. Akamuuliza mguu umeamkaje, na Shangazi akaunyoosha amwonyeshe, akilalamika na kucheka, kama mtu anavyomlalamikia wa nyumbani. Ndani nilisikia mwanamke anasonga ugali. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa.

Neema akaninong'oneza, "Mama, huyu bibi ni mzuri jamani. Tumpige picha?"

Nilishuka nikaenda nikasimama mbele ya Shangazi. Yeye akanitazama kwa yale macho yenye ukungu, akaona kofia na miwani, akatabasamu tabasamu la kupokea wageni. Halafu akamgeukia Deusi na kumuuliza kwa Kikerewe, akidhani sisikii:

"Na hawa wametoka nchi gani?"

Kikerewe changu kilikuwa kimelala siku nyingi, lakini kiliamka. "Shangazi, ni mimi. Tereza. Wa kaka yako, wa Mwanza."

Akacheka, akapunga mkono kunifukuzia mbali mzaha wangu. "Aa, wamekufundisha jina. Tereza wetu njia hii anaijua, nilimtembeza mwenyewe. Huyo haletwi."

Deusi akaangalia chini. Neema hakuelewa maneno, lakini aliuona uso wangu na simu akaishusha. Mimi nikavua kofia, nikavua miwani, nikapiga magoti kwenye vumbi, magoti haya ambayo hata kanisani siku hizi nayaombea ruhusa. Nikauchukua mkono wake nikauweka usoni kwangu. Alipapasa paji la uso, akapapasa mashavu, akafika kwenye masikio akayavuta kidogo, na hapo mkono ukasimama.

"Haya masikio ni ya kaka yangu," akasema.

"Ndiyo, Shangazi."

Nilisubiri anigombeze. Nilitamani anifinye. Angeniuliza nilikuwa wapi, ningekuwa na majibu, nilikuwa nimeyapanga tangu kwenye boti, zamu, harusi, miguu. Hakuuliza. Alinishika mkono muda mrefu, halafu akauliza jambo moja tu.

"Nani amekuleta?"

"Huyu kijana."

"Basi mshukuru, mwanangu," akasema. "Mshukuru. Wenzako mpaka leo hawajapata wa kuwaleta."

Nilikuwa nimelivukia maji neno hilo moja, na sasa nilipolipata sikujua nilishike wapi. Nililia pale chini mbele ya mjukuu wangu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Lulu alikuwa ananitazama kwa macho yake mwenyewe. Wageni waliotutangulia wiki hiyo, Shangazi alituambia tukila, walitoka nchi ya baridi ambayo jina lake limemshinda. Walikula ugali wote. Aliwauliza ni watoto wa nani, Deusi akatafsiri, na mmoja akamtajia babu yake hadi baba wa babu yake, akamfurahisha sana. Neema alipoulizwa hilohilo alimtaja marehemu baba yake, akanigeukia mimi nimsaidie. Nani wa kumlaumu? Sikuwahi kumpitisha nyumba hata moja, wala kumfinya.

Enzi zetu tulishikwa mkono na kutembezwa tukiwa wadogo, ili tukikua tusihitaji kuletwa. Tulichoka, tulivimbiwa, tulifinywa, na tuliporudi Mwanza tulikuwa na milango ya kubisha kisiwa kizima. Siku hizi watoto wanapanda gari la baridi, wanakumbatia mawe, na nilidhani wao ndio waliopotea.

Jua lilipogeuka Deusi hakutaja ratiba tena. Nilimkuta kwenye kivuli cha jiko anakata kuni za Shangazi, kaptula yake ya mifuko imejaa vumbi. Nilimwita kwa jina lake, nikamwambia asante.

Akajifuta mkono, akaupokea wangu kwa heshima zote, na kwa sauti ya chini, si ile ya gatini, akanijibu:

"Karibu sana kwetu, mama."