Mgiriki wa makufuli na mtumwa aliyegoma kutoroka

Saa kumi na mbili asubuhi, kibanda cha fundi makufuli kiko wazi na tupa inalia juu ya ufunguo wa shaba. Ndani ya sanduku la vifaa, kati ya koleo na bisibisi, umelazwa mswada wa kurasa mia mbili na kumi, umefungwa kwa uzi wa cherehani. Saa nne fundi anaupeleka kwa mhariri.

"Huu ni ufunguo wa tatu kuuharibu tangu nifike," anasema akicheka. "Nina furaha mpaka naogopa."

Mtaani wanamwita Mgiriki. Jina lilianza siku aliporudi kutoka maktaba na kitabu kinene kisicho na jalada, cha mawazo ya Wagiriki wa kale, akaanza kuwahoji wateja kama wanajitawala. Mtu alikuja kuchongesha ufunguo wa kabati, akaondoka na maswali ya wiki nzima.

"Walisema aliye huru ni yule anayezitawala tamaa zake. Sawa, nimekubali. Lakini walipokuwa wakijadili uhuru, nani aliwamiminia kinywaji? Mtumwa. Nikasema, huyo ndiye nitakayemwandika."

Riwaya yake inamhusu mhunzi mtumwa wa enzi hizo, anayeamriwa kutengeneza komeo la kuwafungia watumwa wenzake. Kwa miaka minne, kila alipofika mwisho, mhunzi alichonga ufunguo wa siri akatoroka. Mhariri aliurudisha mswada mara mbili: "Huyu amekimbia tu. Wenzake je?"

Mkewe, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, naye alikuwa amechoka. "Baba watoto, mtoe huyo mtu nyumbani kwangu. Mwaka wa nne anakula na hachangii."

Jibu lilitoka kazini. Mwezi uliopita, mwenye karakana moja ya nguo alimwita aweke makomeo ya nje kwenye bweni la wafanyakazi, milango kumi na miwili, kwa malipo yanayozidi mapato yake ya miezi mitatu. Alikuwa ameshapima mlango wa kwanza, penseli sikioni, binti mmoja akamuuliza kutoka ndani, kwa upole tu: "Fundi, moto ukiwaka tutatokea wapi?"

"Nilikunja futi yangu," anasema. "Aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alikuwa na sharti moja: mlango wa watu waliolala, komeo hukaa ndani. Nalijua tangu ujana. Tamaa ilinisahaulisha, mimi ninayewahoji watu kuhusu tamaa. Niliona haya."

Alipoikataa kazi, mwenye karakana alimjibu kwamba mafundi wapo wengine. Kweli wapo, sita. Mgiriki alifunga kibanda akawazungukia wote kwa miguu, mmoja baada ya mwingine, na wote wakaikataa kazi hiyo. Bweni mpaka leo halina komeo la nje. Wiki hiyohiyo mhunzi wake naye akaacha kutoroka, akaenda kugonga milango ya wahunzi wenzake.

"Kumbe siku zote nilikuwa namchongea ufunguo wa mtu mmoja," anasema.

Kitabu kikichapwa, nakala ya kwanza itakwenda bwenini, kwa yule binti. Saa tatu na nusu analibeba sanduku na kutoka mbio. Mkewe anamwita kutoka ng'ambo: "Baba watoto, hujafunga kibanda."

Anapapasa mifuko. Funguo zote ameziacha mezani.

"Leo kikae wazi," anajibu, wala hageuki.