Funga Isiyo na Mteja

Khalayi hakusomea kompyuta chuoni. Alizijua kwa kuteswa nazo. Miaka sita alihudumu katika saiba ya Gitonga, duka la intaneti huko Komarock, mashine saba kuukuu, memori kiduchu kila moja. Alipomwomba bosi aongeze, alijibiwa, "Tumia iliyopo." Basi kila asubuhi alizipitia akizima programu zilizojiwasha zenyewe, na kutwa nzima jicho halikubanduka kwenye ile asilimia ya memori. Juu ya mashine ya kaunta alibandika karatasi, mwandiko wake mwenyewe: IKIFIKA TISINI, FUNGA ISIYO NA MTEJA.

Gitonga aliwaonyesha wageni karatasi hiyo kana kwamba ameiandika yeye. Mtu bure kabisa.

Ijumaa moja nilipeleka picha thelathini na mbili za kijitabu cha mazishi ya mama mkwe. Familia ilikataa kupunguza hata moja. Khalayi akazifungua kwenye mashine ya kaunta, iliyounganishwa na printa. Kwenye mashine hiyo hiyo alikuwa na fomu yake ya kazi ya mtandaoni: chuo fulani kilitafuta fundi wa kompyuta, mwisho saa kumi na moja jioni. Fomu yenyewe haikuhifadhi chochote mpaka uitume. Tangu saa nane aliijaza vipande vipande, maana mteja kwanza.

Saa kumi na dakika hamsini kilibaki cheti kimoja tu cha kupakia. Mashine namba nne ikaganda, mteja akaita, naye akainuka.

"Baba Ayuma, usiguse kitu. Nakam saa hii."

Sikugusa. Gitonga ndiye aliyeingia, akaona memori iko asilimia tisini na nne, akatazama karatasi.

"Hii form ni ya customer ama?"

Nilijua nikimtaja Khalayi, bosi atagundua anatafuta kazi kwingine. Nikanyamaza, nikidhani namlinda. Mjinga mimi! Ningesema tu ni yangu.

Akaifunga.

Khalayi aliporudi alitazama kioo, kisha saa ya ukutani. Zilibaki dakika sita.

"Umeona?" Gitonga akamwambia, amefurahi kweli. "Rule yako inafanya kazi. Imeshuka mpaka sabini."

Khalayi aliketi, akavuta kipanya, akaniuliza bila kunitazama, "Picha ya mbele ni hii ya harusi, ama ile amevaa leso?"

Hadi leo sijamwambia kwamba niliulizwa.