Ukurasa wa Get

Juzi niliona kamusi kuukuu ya Kiingereza ikiuzwa barabarani Kaloleni. Nikanusa karatasi zake, nikamkumbuka Aikande, binti wa mama mdogo. Yeye alisoma shule ya kulipia, Kiingereza kitupu. Mimi ya serikali. Mchana mmoja utotoni, kwao Kimandolu, jikoni kukinukia ndizi na nyama, alinionyesha jinsi maana za neno get zilivyojaza ukurasa mzima wa kamusi yake.

"Zote nazijua," alisema.

Wivu ulinikaba. Alipoitwa kumenya vitunguu, niliuchana ukurasa ule nikauficha kwenye soksi, nikiamini nimemnyang'anya neno lenyewe.

Baba yake alipoingia, Aikande alimpokea mkoba kwa Kiingereza chepesi, na get ikapita humo mara mbili. Mimi, niliyekuwa nayo yote kwenye soksi, nilisema shikamoo tu.