Mbingu ya Kijani

Nakumbuka siku moja, mwanangu. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimerudi nyumbani Rusinga, kisiwa chetu cha ziwani, kwa likizo kutoka chuo cha ualimu, ambako sisi wasichana tulifundishwa kuchora kwa rangi za maji.

Mchana huo dhoruba ilijikusanya upande wa bonde la Lambwe. Niliketi mlangoni nikaichora upesi. Sikutaka kuiga mawingu. Nilitaka mtu aione hofu niliyokuwa nayo. Basi nikaiacha rangi itiririke: vilima vyeusi vimeinama, ziwa jeupe, na mbingu ya kijani, maana kweli iligeuka kijani kwa kitambo kidogo kabla mvua ya mawe haijaanguka.

Baba, aliyekuwa ndani na wengine wakati huo, alipoiona picha alicheka. Akauliza huko chuoni tunalishwa nini, kwani yeye amevua samaki tangu utotoni na hajaona mbingu ya rangi ya majani ya sukuma wiki. Wote wakacheka isipokuwa mama yake, nyanya yangu tuliyemwita Dani. Aliichukua karatasi ingali mbichi, akaitazama, akaketi chini.

"Nani amekuambia habari za Atieno?" akaniuliza.

Hakuna aliyemjua Atieno. Tulidhani Dani ameugua ghafla. Ndipo akatuambia, polepole, kwamba kabla ya Baba alizaa msichana aitwaye Atieno. Siku moja yeye na mtoto walikuwa wakivuka maji kwenda Mbita, ng'ambo, mbingu ikawa kijani, mtumbwi ukapinduka, na mtoto akamponyoka akazama. Alipowaeleza watu rangi aliyoiona, walisema amerukwa na akili; wengine walinong'ona kuwa alimtupa mtoto mwenyewe. Akaapa kutolitaja jina hilo tena.

Baba, mtu mwenye mvi, alipiga magoti. "Nina dada, Mama? Miaka yote hii?"

Dani alikuwa akiipapasa karatasi, rangi ikimshika vidoleni. "Ilikuwa hivi," akasema. "Hivi hasa."

Mimi nilisimama, brashi ingali mkononi. Kesho yake ukoo mzima ulishuka ufukweni kumlilia Atieno, kwa mara ya kwanza.

Mwanangu, ukiona jambo, liseme kama ulivyoliona, hata wakikucheka. Huenda yupo aliyenyamazishwa kwa sababu ya jambo hilohilo. Na mzee akikueleza kitu usichoweza kukiamini, usiharakishe kumwita mwongo. Keti naye, umuulize ilikuwaje, kabla hajaondoka duniani nacho.

Mungu akupe macho yasiyoogopa, na akujalie watu wa kukuamini siku utakapowahitaji.