Mwano Niliourekodi Dirishani

Nakumbuka mchana ambao nyumba ya jirani yangu iliungua, na mimi nikiwa chumbani kwangu nimenyoosha mkono nje ya dirisha, nimeshika redio kaseti, narekodi. Soma tena kama hukuelewa. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa nimelala. Nilikuwa narekodi, na nilikuwa nimefurahi.

Mwanangu Kabula, mtoto wa dada yangu, unayetengeneza sauti za kuweka kwenye video huko Bariadi mjini, nakuandikia wewe, na wenzako watakaosoma kwa kuchungulia begani kwako. Nina hasira tangu Jumapili ile ulipokuja kunitembelea. Nimekunywa chai juu yake, nimelala juu yake, bado ipo.

Ulianza vizuri siku ile. Ulinisikilizisha mwiko ukikwangua ukoko wa ugali, ukasema ukipunguza mwendo unakuwa mlango wa gereza. Nikacheka mpaka nikakohoa. Ukaniwekea debe, mchi, mnyororo wa baiskeli. Kisha ukasema, "Mjomba subiri, hii sasa ni kali," nikasikia breki, kishindo, na mama mmoja analia, anaomba watu wamtoe mwanawe chini ya pikipiki. Nikakuuliza ni wapi. Ukasema barabara ya Lamadi, na kwamba ulikuwa umesimama pale pale.

"Ukafanya nini?"

Ukaniinulia simu. "Nilidaka yote, Mjomba. Hii huwezi kuigiza ndani. Ni orijino."

"Na yule mtoto?"

"Aa, si watu walikuwepo."

Nikakufukuza. Mama yako akanipigia jioni kuniambia nimezeeka vibaya. Sawa, nimezeeka vibaya. Lakini usidhani nilikufukuza kwa kuwa mimi ni mtu mwema sana. Nilikufukuza kwa sababu nilikujua. Wewe ni mimi yule yule, ila wewe una chaji.

Sasa kaa usikilize.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi hapa Zagayu na cheti kisichonipeleka popote, jambo lililonifaa kabisa, maana popote sikutaka kwenda. Mimi ni mtu wa ndani. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka kitandani hadi chooni, na hiyo nayo nilikuwa naiahirisha. Vijana wa kanisa walikuwa na kikundi cha maigizo. Kuigiza mbele za watu niliogopa, kwa hiyo wakanipa kazi ya sauti, nami nikaipenda kama nimeumbiwa. Fikiria, mwanangu: kazi unayoifanya umefunga mlango!

Punje za mtama nikizizungusha kwenye ungo, mvua inanyesha. Bati nikilitikisa, radi. Vibuyu viwili vilivyokatwa nikivigonga sakafuni, kundi zima la ng'ombe linatoka zizini, na mama yangu anachungulia kuona ni la nani. Mtu akivunjwa mguu kwenye igizo, nilikuwa navunja bua kavu la mtama karibu na redio, na wasichana wanafumba macho. Betri zikichoka nazianika juani, zikipata nguvu narudi kazini. Nilijivuna. Nilidhani hakuna kitu duniani ambacho siwezi kukileta chumbani kwangu.

Kikaja kimoja kilichonishinda. Igizo jipya lilihusu wezi wa ng'ombe, na igizo la wezi wa ng'ombe huku kwetu bila mwano ni kichekesho. Nyinyi wa mjini mnausikia kwa bibi zenu tu: mwano ni lile yowe la kuita watu, mtu akivamiwa, akiibiwa, akipatwa. Ukiusikia unaacha jembe, unaacha sahani, unakimbilia unakotoka. Hakuna anayeuliza kama ni zamu yake. Kwa sababu hiyo hakuna anayeupiga bure. Niliwabembeleza dada zangu, niliwabembeleza waimba kwaya. Mmoja akaniambia, "Wewe Jilala una wazimu? Nipige mwano halafu wanaume wa kijiji kizima waje na fimbo, niwaambie nini, nilikuwa naigiza?" Nikajaribu mwenyewe, kwa sauti ndogo, nimejifunika blanketi. Ilitoka kama mbuzi aliyebanwa na mlango.

Basi nikaamua kusubiri wa kweli. Nikaweka kaseti tupu ndani ya redio, nikaiweka redio kwenye kizingiti cha dirisha, nikawa nasubiri mtu apatwe na shida. Sikulisema hivyo wakati ule. Leo nalisema hivyo kwa kuwa ndivyo lilivyokuwa.

Ikaja siku ya mnada. Wanaume karibu wote walikuwa wameondoka na ng'ombe, na wanawake wengi wamefuata biashara. Jirani yangu alikwenda pia. Nyumbani kwake alibaki mkewe, shemeji yangu Nkwimba, ambaye alikuwa ameolewa hata hajazoeleka, pamoja na mama mkwe wake, mzee asiyeweza kutembea. Chumba cha pili cha nyumba yao kilijaa pamba ya msimu ule ikingoja kuuzwa. Kati ya nyumba yao na yetu kulikuwa na uzio wa minyaa na uwanja wa kuanikia mahindi. Mtu mvivu kama mimi angefika kabla hajaanza kuhema.

Mwano ukapigwa. Mwanangu, nywele zilinisimama. Ulikuwa mwano kamili, mrefu, unapanda unakatika unapanda tena, na ulikuwa karibu kiasi kwamba sikuhitaji hata kuongeza sauti. Nikaruka kitandani, nikabonyeza kitufe chekundu, nikanyoosha mkono nje. Moshi niliuona. Nikajiambia, watu watakwenda. Maneno yale yale yako, Kabula, ila nilikutangulia nayo.

Halafu akaniita. Alijua niko ndani, nani asiyejua kwamba niko ndani siku zote? "Jilala weee! Jilala! Mama yumo ndani! Jilala!"

Unajua niliwaza nini? Niliwaza, aa, jina langu linaharibu kaseti. Nikawaza kwamba itabidi tulikate.

Ngoja nilitafune hili kidogo, maana kila nikilifikia nataka kumpiga makofi yule kijana na siwezi kumpata. Mtu anakuita kwa jina. Ana moto nyuma yake na mama wa mtu ndani. Na wewe unalipima jina lako kama linakaa vizuri!

Nilisimama pale mpaka upande wa kaseti ulipoisha na kitufe kikajifyatua chenyewe. Ndipo nikatoka. Nilichukua na ndoo ya maji, nikakimbia kwa kelele nyingi, na mwanamke mmoja aliyefika kutoka mbali akanipa pole. Nikaipokea. Nkwimba alikuwa amekaa chini na mama mkwe wake mapajani, mzima, anakohoa. Alikuwa amemburuta peke yake. Mlango wao ulikuwa wa bati, moto umeupasha, akaushika kwa mkono wa kulia kuuvuta kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumfungulia kutoka nje. Ule mkono unaouona hauwezi kukunjuka akikusalimia, ule ambao wewe ulipokuwa mdogo uliuogopa, umetoka pale. Jembe analishika kwa shida mpaka leo, na analima.

Ungedhani kaseti ile niliichoma. Nilimpelekea Masanja, kiongozi wa kikundi chetu. Akaisikiliza, akapiga kofi paja lake. "Umeua, Jilala! Hii ndiyo sauti. Tatizo hilo jina lako tu, tulikate." Alikuwa na redio ya kaseti mbili, tukahamisha kutoka moja kwenda nyingine, tukisimamisha kila jina linapokuja. Tulifanya kwa ustadi mkubwa. Ukisikiliza kaseti ile huwezi kujua kwamba kuna mtu aliyeitwa. Hata moto hausikiki. Pamba ikiungua hailii.

Igizo likachezwa uwanja wa kanisa, spika ya tarumbeta imefungwa juu ya mti, betri ya gari chini. Ilipofika zamu yangu nikabonyeza. Mwano ukatoka ukaenda mashambani, na kabla wezi wetu wa kuigiza hawajakimbia, wanaume wa kweli wakaanza kuingia uwanjani wanahema, wengine na fimbo, wengine na mishale. Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikaona sauti yangu ina nguvu kweli.

Nkwimba akasimama kutoka kwenye benchi, mkono umefungwa kitambaa. "Hiyo ni sauti yangu," akasema. Hakupaza.

Kicheko kikakatika. Mzee mkuu wa sungusungu, aliyekuwa amekimbia na wengine na jasho linamtiririka, akaja mpaka kwenye redio.

"Nani kaichukua hii?"

Masanja, yule aliyepiga kofi paja, alikuwa anatazama viatu vyake. Nikasema, "Mimi, baba."

"Ulikuwa wapi?"

"Dirishani."

"Dirishani." Akalirudia neno lile kama anaangalia sarafu ya bandia. "Dirisha la nyumba yenu? Ile iliyopakana na yake?"

"Ndiyo, baba."

Hakuniuliza lingine. Kijiji kizima kikanitenga. Hakuna kunisalimia, hakuna kuja kwetu wala kuazima moto, hakuna kunijibu salamu yangu ya "mwadila" njiani. Mimi mjinga, siku za mwanzo nilidhani nimepewa likizo. Mtu wa ndani ameamriwa akae ndani! Mpaka mama yangu alipougua homa, nikatoka nje nikaita, nikaona watu wanapita na majembe yao wananitazama tu. Nilimbeba mwenyewe mgongoni hadi zahanati. Alipona. Baadaye wazee wakanifungulia, nikaomba msamaha mbele ya watu, nikamwomba na Nkwimba. Akaniitikia kwa kichwa, na hatukulizungumza tena.

Sasa shika haya. Rekodi mwiko, rekodi mvua, gonga madebe mpaka majirani wakuchukie. Ni kazi nzuri na una sikio zuri kuliko nililokuwa nalo. Sauti ya mtu akicheka au akiimba, muombe mwenyewe kwanza. Lakini mtu anayeita msaada hatoi sauti ya kazi yako. Anaita. Simu iingie mfukoni, miguu itangulie, na kama umefika wa mwisho, fika. Na ile ya barabara ya Lamadi uifute leo, usimtumie mtu, kisha umtafute yule mama ujue mwanawe anaendeleaje. Usiniambie humjui. Sauti yake unayo, uliza watu wa pale. Ukitoka huko njoo kwangu, nitakuchemshia chai na nitakugombeza tena, maana sijamaliza.

Mungu akupe masikio makali, mwanangu, na miguu inayoyashinda masikio. Akukinge usije ukaita siku moja na wote waliokusikia wakawa na kazi nyingine.

Nilipomaliza kuandika niliona si haki wewe uyasome kabla ya mwenyewe, nikavuka uzio wa minyaa, nikamsomea Nkwimba yote. Alikuwa anachambua choroko. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akasema: "Shemeji, maneno umeyafanya mengi. Mimi siku ile sikukuita unisikilize. Nilikuita uje."